Kitufe Kimoja Hakimfanyi Mtu Mvivu

Wanachuo wenzangu, kuna maneno yameenea kwenye maabara zetu za kompyuta: ati anayeiachia edita impangie mistari ya HTML ni mvivu. Mie sikubali, na sisi tunaosomea ualimu tusiende nayo maskulini maneno haya.

HTML na XML zinaandikwa kwa tagi, na tagi moja hukaa ndani ya nyengine. Orodha inafunguliwa, vipengele vinaingia ndani yake, kisha orodha inafungwa. Kilicho ndani kikisogezwa hatua moja kulia, jicho linaona mara moja nani yumo ndani ya nani.

Siku hizi edita zinaifanya kazi hiyo zenyewe. Kwenye VS Code ya Windows unabonyeza Shift, Alt na F kwa pamoja. Kwenye Vim unaandika gg=G, faili lote linajipanga. Na Vim si mgeni Afrika Mashariki: Bram Moolenaar, aliyeitoa mwaka 1991, aliigawa bure na kuwaomba wanaoitumia wawachangie watoto wa Kibaale, Uganda.

Wengi wanadhani kujipanga huko ni pambo tu. Kumbe ni kipimo. Mwanafunzi akisahau kufunga div moja, brauza hainung'uniki. Inakisia tu na kuonesha ukurasa uliopinda. Lakini panga faili upya uone: baada ya kosa, mistari inayofuata inabaki imesogea kulia kupita inavyotakiwa. Hapo ndipo pa kutafuta. Kwa XML mambo ni makali zaidi, maana tagi moja isiyofungwa inatosha programu ikatae kulisoma faili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hebu mfikirie mwalimu wa hapa Ole mwenye wanafunzi arubaini na kompyuta tano. Akikaa kuhesabu nafasi za kila mtoto, kipindi kimekwisha. Akibonyeza kitufe, anabakiwa na wakati wa kumuonesha mtoto kosa lake na kumuuliza limetokana na nini.

Wanaosema mtoto atazoea kubebwa wana hoja, kwa sababu karatasi ya mtihani haina kitufe. Kwa hiyo tufuate utaratibu. Mwanzo waandike kwa mkono kwenye daftari, wachore mstari kutoka tagi inayofungua hadi inayofunga. Baadaye wapewe kitufe, lakini kabla hawajabonyeza waulizwe: mstari huu utakwenda wapi? Na waambiwe pia kwamba ndani ya tagi ya pre nafasi ni sehemu ya maandishi, haziguswi ovyo.

Ombi langu kwa wanaotufundisha mbinu za kufundishia kompyuta: utaratibu huu tuufanyie mazoezi hapa chuoni, kabla hatujasimama mbele ya watoto wa watu.