Acheni Kuiabudu Bloku ya 2.5

Muulize mwenye Mambaru, yaani Subaru, yeyote anayetaka nguvu za farasi 500 ataanzia wapi, na jibu litakuja kabla hujamaliza swali: anatafuta bloku ya 2.5. Kirinyaga Road jijini Nairobi, Kisekka kule Kampala, Gerezani Dar es Salaam, wimbo ni huo huo. Ile EJ20 ya lita mbili iliyokuja na gari ameshaidharau, anaiona ya watoto. EJ25 ataitolea pesa ambazo zingetosha injekta kubwa, pampu ya petroli, pistoni za kufuliwa na siku nzima ya mtu anayejua kutyuni. Akishaifunga, ataiongezea presha ya turbo, na muda si mrefu atarudi kwa muuza spea yule yule kutafuta bloku nyingine. Muuza spea naye hana sababu ya kumwambia ukweli.

Ukweli ni kwamba kwa anayetaka nguvu nyingi, hiyo bloku ya 2.5 mara nyingi ndiyo chaguo baya kuliko aliyokuwa nayo.

Imani yenyewe inaeleweka. Injini isiyo na turbo hupata hewa ile tu inayoweza kuivuta, kwa hiyo cc zikiongezeka nguvu nayo huongezeka. Hapo hatubishani. Lakini turbo ilibuniwa kuvunja sheria hiyo. Kazi yake ni kuisukuma hewa ndani kwa lazima, na injini haijali hewa imefika kwa sababu silinda ni pana au kwa sababu imeshindiliwa. Kinachohesabika ni kiasi cha hewa kinachopita kwa dakika, na petroli ya kutosha kuungua nayo.

Tupige hesabu. EJ20 ina cc 1,994. Injini za Subaru STI za Kijapani za lita mbili ziliruhusiwa kutoka kiwandani kuzunguka mpaka mizunguko 8,000 kwa dakika. Silinda hujaa mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo kwa mwendo huo pistoni zake hupitisha lita 7,976 kwa dakika. EJ25 ina cc 2,457. Izungushe mara 6,500, utapata lita 7,985. Zimelingana. Zile cc 463 ambazo watu wanazilipia kwa jasho, EJ20 inazifidia kwa kuzunguka tu, kabla hata turbo haijaingizwa kwenye mazungumzo.

Utaniambia basi afadhali 2.5, maana inafanya kazi ile ile bila kuhangaika na mizunguko. Hapo ndipo bloku yenyewe inapoingia, na hapo ndipo mazungumzo ya barazani huwa yanakatika.

Katika familia yote ya EJ, umbali kutoka katikati ya silinda moja hadi katikati ya jirani yake ni milimita 113. Subaru hawakuubadilisha. Walipotaka 2.5 walirefusha safari ya pistoni kutoka milimita 75 hadi 79, na kipenyo cha silinda wakakipanua kutoka milimita 92 hadi 99.5. Toa mwenyewe: kati ya silinda mbili za EJ20 zinabaki milimita 21, na kati ya zile za EJ25 zinabaki 13.5. Ndani ya nafasi hiyo lazima zikae kuta za silinda zote mbili pamoja na slivu zake za chuma, na gasketi ya silinda hedi ipate pa kukanyaga. Kwa hiyo aliyeitoa EJ20 akaweka EJ25 kwa kutafuta uimara amekwenda kununua bloku iliyokonda, na ameilipia zaidi.

Halafu uipe mzigo mkubwa zaidi. Pistoni ya milimita 92 ina eneo la sentimita za mraba 66 na nusu, ya 99.5 ina karibu 78. Presha ndani ya silinda ikifika bar 100, jambo la kawaida kwa injini ya turbo inayofanyishwa kazi, pistoni ndogo inabanwa kwa nguvu ya takriban tani 6.8 na kubwa kwa tani 7.9. Presha ni ile ile, lakini kila mlipuko unaongeza zaidi ya tani nzima juu ya konrodi, beringi na krenki, na silinda hedi inasukumwa kwa nguvu zaidi itoke mahali pake. Boliti zinazoishikilia kutoka kiwandani ni za milimita 11. Wanaojenga injini hizi kwa dhati huchonga bloku ipokee stadi za milimita 14, nao wana sababu.

Mizunguko mingi nayo ina gharama, nisije nikaambiwa nimeificha. Nguvu inayoivuta konrodi pistoni inapogeuza njia kule juu hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo EJ20 ya mizunguko 8,000 inadai konrodi za kufuliwa, boliti zake ziwe za maana, na springi za valvu zisizolegea. Lakini vitu hivyo vinanunulika na vinafungwa na fundi wa kawaida mwenye mikono safi. Nyama ya bloku ambayo haikuwekwa kiwandani hainunuliki Kirinyaga Road. Utapachika slivu za kuagiza, ndiyo, ila hiyo ni kazi ya karakana yenye mashine na mtu aliyewahi kuifanya, na slivu ikikaa vibaya unakuwa umeiharibu bloku kwa pesa zako mwenyewe.

Lipo pia hili la kusema "EJ25" kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja. EJ25D ya mwishoni mwa miaka ya 1990, isiyo na turbo, ilijulikana dunia nzima kwa kuvujisha gasketi hata mikononi mwa mwalimu mstaafu anayeendea kanisani. Ukifungua silinda hedi unaona kwa nini: deki yake iko wazi, silinda zimesimama peke yake katikati ya maji bila cha kuzishika huku juu. Bloku za 2.5 za turbo zina deki iliyofungwa nusu, na pistoni zilizotengenezewa mgandamizo mdogo zaidi. Anayekuuzia "2.5 safi kabisa" kutoka kwenye Outback, akakuhakikishia kwamba itakaa sawa chini ya silinda hedi zako za EJ20 zilizochongewa kipenyo cha 92, anakuuzia matatizo mawili kwa bei ya moja.

Deki inaeleza mengi kuliko cc. Subaru walipotengeneza Impreza 22B mwaka 1998, lile gari ambalo kila kijana ana picha yake kwenye simu, hawakukimbilia 2.5. Walipanua kipenyo hadi milimita 96.9, safari ya pistoni wakaiacha 75, wakapata cc 2,212, na bloku ikawa na deki iliyofungwa. Waliongeza upana, wakaongeza na cha kuushikilia. Hivyo ndivyo watu wanaoilipia dhamana ya injini wanavyofikiri.

Naisikia hoja nyingine, mara nyingi kutoka kwa wanaonikubalia: kwamba Subaru waliibakiza lita mbili kwenye STI za Japani hadi 2019, na magari ya madereva McRae na Burns yaliyoshinda Safari Rally mwaka 1997 na 2000 yalikuwa ya lita mbili, kwa hiyo EJ20 ni bora. Hoja hiyo siitaki, ingawa inanisaidia. Rali ilikuwa na sheria ya cc, na Japani kodi ya gari hupanda injini ikivuka lita mbili. Hapo chaguo lilifanywa na karani, wala tusimvike fundi sifa isiyo yake.

Ushahidi mzuri zaidi uko nje kabisa ya Subaru. Zama za turbo katika Formula 1, injini ya turbo iliruhusiwa lita moja na nusu tu. BMW, chini ya mhandisi Paul Rosche, hawakubuni bloku mpya. Walichukua ya M10, ya chuma cha kusubu, silinda nne, iliyokuwa kwenye magari yao ya kawaida tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Safari ya pistoni wakaifupisha hadi milimita 60, ikawa cc 1,499. Mwaka 1983 Nelson Piquet alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na Brabham yenye injini hiyo, na miaka michache baadaye, katika mbio za kupanga nafasi, ilivuka farasi 1,000. Cc 1,499! Na msimu ule wa ubingwa, presha ya turbo ilipopandishwa na injini ikaanza kujidhuru, hawakwenda kutafuta bloku nene zaidi. Walikwenda kwa wanakemia, wakarudi na petroli iliyojaa toluini, isiyolipuka ovyo.

Hilo la petroli ndilo ningependa lijadiliwe kwenye magereji yetu kwa joto lile lile linalotumika kubishania bloku. Injini nyingi za turbo ninazosikia "bloku imekufa" hazikufa bloku. Fungua uone. Utakuta pistoni imevunjika ule ukuta mwembamba kati ya ringi na ringi, ugonjwa ambao 2.5 za turbo zenye pistoni zake za kiwandani zinaujua vizuri sana. Au beringi ya konrodi imezunguka kwa sababu bomba linalonyonya oili chini ya sampu lilipata ufa. Ukuta wa ringi huvunjwa na petroli inayolipuka yenyewe kwenye kona ya silinda kabla ya moto wa plagi kuifikia, na presha inayopanda ghafla hapo hakuna pistoni ya kiwandani inayoizoea. Gari limetoka Japani, ambako petroli ya daraja la juu huuzwa ikiwa na oktani 100. Petroli ya vituo vyetu haifiki hapo. Kompyuta ya gari haikuambiwa limehama.

Nairobi inaongeza lake. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina takriban asilimia 82 tu ya presha ya hewa ya Mombasa. Ukitaka injini ipate bar 2.5 kamili, Mombasa turbo inaizidisha hewa mara mbili na nusu. Nairobi lazima iizidishe mara tatu. Hewa iliyoshindiliwa zaidi hupata joto zaidi, na joto ndilo linaloifanya petroli kulipuka ovyo. Kijana wa Ngong Road anayenakili presha ya turbo ya mtu wa pwani, au ya mtu wa Ulaya, anaikaanga injini yake bila kujua. Bloku ya 2.5 haimsaidii chochote hapo. Intakula kubwa ingemsaidia, na pampu, na injekta, na mtyuni mwenye vipimo anayesikiliza injini badala ya kumwaga ramani aliyoikuta kwenye fleshi.

Wenye magari ya Evo wasicheke. Bloku yao ya 4G63 ni ya chuma, imara kweli, milimita 85 kwa 88. Lakini nao wana ibada yao: kuingiza krenki ya milimita 100 kutoka injini ya 4G64 ili kupata lita 2.3 au 2.4, kisha kutaka kuizungusha kama zamani. Kwa mizunguko 8,000 pistoni iliyokuwa ikienda wastani wa mita 23.5 kwa sekunde sasa inakwenda karibu mita 27. EJ20 kwa mizunguko hiyo hiyo inakwenda mita 20.

Je, 2.5 haina raha? Ina raha sana. Turbo inaamka mapema, na kilima cha Mai Mahiu unakipanda bila kubadilisha gia ukiwa na familia na magunia ya viazi. Kwa Forester ya farasi 300 ya kwendea kazini ningekushauri uiache 2.5 yako ilivyo, uibadilishe oili kwa wakati na uende zako. Ubishi wangu ni na yule anayetaka 500.

Huyo namwambia aibakize EJ20 ya turbo aliyonayo, mradi ikipimwa silinda zake ziwe nzima. Ichongwe upya huku bamba zito limefungwa kwa boliti mahali pa silinda hedi, kwa sababu silinda hubadilika umbo boliti zikikazwa, na karakana isiyo na bamba hilo inakuchongea duara litakalokuwa yai siku ya kufunga. Weka pistoni na konrodi za kufuliwa, beringi mpya, bomba jipya la oili. Petroli na ubaridi wa hewa vifuate. Turbo kubwa inunuliwe mwisho, ingawa najua ndiyo iliyonunuliwa kwanza na iko chini ya kitanda.

Ukishasoma yote haya na moyo bado unataka 2.5, sawa. Ila farasi 500 kwa mizunguko 8,000 ni torki ya Nm 445; farasi hao hao kwa mizunguko 6,500 ni Nm 548, na zote zinapita kwenye gia boksi ya gia tano ambayo hata kwa injini ya kiwandani huwa inalia. Kwa hiyo kabla hujalipa hata senti ya bloku, anza kutafuta gia boksi ya gia sita ya STI. Na uwe mwepesi, maana kila aliyenunua 2.5 kabla yako anaitafuta hiyo hiyo.