Raba si shokomzoba

Leo naweka programu kando kidogo, maana kuna ushauri unaonikera sana hapa Nyamache. Gari likianza kurukaruka kama mbuzi, utaambiwa: "Tia raba kwenye springi, litatulia." Baba aliambiwa hivyo kuhusu Probox yetu. Akatia. Gari likainuka, likapendeza, kisha likazidi kuyumba. Nilipochungulia chini nikakuta shokomzoba za nyuma zimelowa mafuta.

Jamani, raba si shokomzoba! Springi hubeba uzito. Shokomzoba huituliza springi: ndani yake pistoni husukuma mafuta kupitia vitundu vidogo, na nguvu ya mruko hugeuka joto. Mafuta yakishavuja, springi haina wa kuituliza. Ukitia raba umeifanya kuwa ngumu zaidi, basi. Sisi wa kompyuta twaujua mchezo huu: programu inavuja memori, mtu anaongeza RAM. Inakwenda wiki moja, halafu inaanguka tena.

Ila hapa hakuna kuwasha upya. Tairi lililo hewani halishiki breki wala kona, nanyi mnaijua miteremko yetu mvua ikinyesha. Ndani ya gari yumo mama, na mikungu ya ndizi nyuma yake. Na kama shida yako ni gari kuinama, punguza mzigo!

Mtasema fundi ni ghali. Haya, fanyeni nyumbani, kama tulivyofanya Jumamosi. Nyuma ya Probox, springi na shokomzoba zimekaa mbalimbali, kwa hiyo kazi ni ya spana tu. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe. Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua. Gari likalie stendi, kamwe si jeki peke yake. Jeki ishike ekseli isining'inie. Nati zenye kutu zinyunyizie mafuta tangu usiku. Badilisha zote mbili, kulia na kushoto, kisha ukaze mara ya mwisho gari likiwa limekanyaga chini.

Za mbele msiziguse. Hapo springi imebanwa juu ya shokomzoba yenyewe, na ikifyatuka inaweza kuua. Hizo mpelekeeni fundi mwenye kibanio cha springi, mlipe bila kunung'unika.

Raba tuliitoa. Watoto wanaichezea uani, na hiyo ndiyo kazi inayoiweza.