GEREZA SI SINEMA!

Vijana wa Mamboya, tusidanganyane. Ikiwekwa picha ya wanawake gerezani, nguo zimechanika, wanapigana matopeni, kibanda cha video kinafurika na miluzi juu!

Mchezo huu ulitiwa kasi na The Big Doll House ya mwaka 1971. Jack Hill aliipiga kule Ufilipino kwa fedha kiduchu, Pam Grier akiwemo. Mikanda ya video ikaitapakaza.

Sawa. Sheria ya filamu ya mwaka 1976 iliweka bodi ya kukagua picha. Gereza lenyewe je, mwananchi analikagua lini? Kingolwira, mkoani kwetu hapa, lipo gereza la wanawake. Sheria inaruhusu mfungwa kuingia na mtoto anayenyonya. Huyo mtoto kakosa nini?

Stelingi wa picha hutoroka, dada yetu anahesabu siku. Serikali iwafungulie waandishi milango!