Kifo cha Eddie Van Halen: Nani hasa mrithi wa gitaa lake?

Kifo cha mpiga gitaa mkongwe wa muziki wa rock, Eddie Van Halen, kilichotokea Oktoba 6, 2020 mjini Santa Monica, katika jimbo la California nchini Marekani, kiliwakuta mashabiki wake wakiwa hawana mahali pa kulilia. Dunia ilikuwa katikati ya janga la corona, kumbi za muziki zilikuwa zimefungwa na mikusanyiko ilikuwa imezuiwa. Mwanawe, Wolfgang, ndiye aliyetangaza msiba huo kupitia mtandao wa kijamii, akieleza kwamba baba yake, aliyekuwa na umri wa miaka 65, ameshindwa katika vita vya muda mrefu dhidi ya saratani.

Mashabiki ambao hawakuweza kukusanyika walikwenda mmoja mmoja. Katika mji wa Pasadena, alikokulia marehemu, waliweka maua na mishumaa mbele ya nyumba aliyoishi utotoni. Wengine walisimama kando ya barabara ambako jina la Van Halen lilikuwa limekwanguliwa katika saruji miaka mingi iliyopita. Wapo walioacha magitaa, na wapo walioacha vile vipande vidogo vya plastiki vya kukwangulia nyuzi.

Maombolezo hayo yalizua swali ambalo bado halijapata jibu moja. Anapofariki mwanamuziki wa aina hiyo, urithi wake ni mali ya nani? Je, ni wa familia, wa wafanyabiashara, wa wenzake wa jukwaani, au wa hao walioweka vipande vya plastiki barabarani?

Ili kulielewa swali hilo, ni vyema kutazama Eddie alikotoka. Alizaliwa Amsterdam, Uholanzi, Januari 26, 1955. Baba yake, Jan, alikuwa Mholanzi na mpuliza klarineti. Mama yake, Eugenia, alikuwa na asili mchanganyiko ya Indonesia, nchi iliyokuwa koloni la Uholanzi. Mwaka 1962 familia hiyo ilihamia Marekani ikiwa na takriban dola 50 na piano moja. Baba alilazimika kufanya kazi za usafi, na mama akafanya kazi za ndani.

Eddie alipata kusimulia kwamba shuleni alionewa na watoto wa Kizungu kwa sababu hakujua Kiingereza, na kwamba marafiki zake wa kwanza walikuwa watoto weusi. Kwa mtoto wa namna hiyo, muziki ulikuwa lugha ya kwanza aliyoweza kuzungumza na wenyeji wake bila kuchekwa. Alishinda mashindano ya piano ilhali hakujua kusoma noti. Alisikiliza, akakumbuka, kisha akapiga.

Hata gitaa lenyewe lilimfikia kwa mzunguko. Alianza na dramu, na ili kuzilipia alisambaza magazeti majumbani. Wakati yeye yuko njiani na magazeti, kaka yake, Alex, alikuwa nyumbani akizipiga dramu hizo hadi akampita. Eddie akamwachia dramu na kulichukua gitaa la kaka yake. Kutokana na ubadilishanaji huo wa ndugu wawili ikazaliwa bendi ya Van Halen, ambayo albamu yake ya kwanza ilitoka Februari 1978.

Ndani ya albamu hiyo kulikuwa na kipande kisicho na maneno, chenye urefu wa chini ya dakika mbili, kiitwacho "Eruption". Humo Eddie aligonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili juu ya shingo ya gitaa, na sauti zikatoka kwa kasi ambayo wengi hawakuwahi kuisikia. Hakuwa wa kwanza kufanya hivyo, kwani wapigaji kama Steve Hackett walimtangulia. Lakini ni yeye aliyeufanya mtindo huo kuwa somo ambalo kila kijana mwenye gitaa alitaka kulifuzu.

Wasikilizaji wa Afrika Mashariki wanaweza kudhani kuwa habari hizi ni za mbali. Hata hivyo, wengi wao wamemsikia Eddie bila kujua. Katika wimbo "Beat It" wa Michael Jackson, uliomo kwenye albamu ya Thriller ya mwaka 1982, gitaa linalopasua katikati ya wimbo ni lake. Aliombwa na mtayarishaji Quincy Jones, akafika studio, akapiga na kuondoka bila kudai malipo. Rock ya Van Halen huenda haikufika katika kila mtaa wa Dar es Salaam au Nairobi, lakini sekunde zile chache zilifika.

Kuhusu urithi, wa kwanza kuonekana walikuwa wafanyabiashara. Gitaa lililompa Eddie umaarufu, ambalo mashabiki hulijua kwa jina la Frankenstein, alilitengeneza mwenyewe kwa kiwiliwili cha dola 50 na shingo ya dola 80, akalipaka rangi ya baiskeli na kulizungushia utepe wa kubandika. Mwaka 2019 gitaa hilo lilioneshwa katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York. Mwezi Aprili 2023, miaka miwili na nusu baada ya msiba, gitaa lake jingine, alilolitumia katika video ya wimbo "Hot for Teacher", liliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa takriban dola milioni 3.9. Chombo kilichozaliwa katika utamaduni wa kuungaunga kwa kukosa fedha kimegeuka kuwa kitu cha matajiri kukiweka ndani ya kioo.

Wa pili ni wenzake wa jukwaani. Kulikuwa na mpango wa ziara ya kumuenzi ambao ungewakutanisha Alex, mwimbaji David Lee Roth na mpiga gitaa Joe Satriani. Haukufanikiwa. Mwaka 2024 Alex alieleza kwamba mpango ulivunjika baada ya kutoelewana na Roth kuhusu namna ya kumkumbuka Eddie katika onyesho. Mwaka huohuo mwimbaji mwingine wa zamani wa bendi, Sammy Hagar, alizunguka Marekani akiimba nyimbo za Van Halen, huku Satriani akishika nafasi ya marehemu. Viwanja vilipata watu, na mashabiki wakagawanyika kama ilivyo kawaida yao.

Wa tatu ni Wolfgang, aliyepiga gitaa la besi katika bendi ya baba yake tangu akiwa kijana mdogo. Yeye angeweza kuishi kwa kupiga nyimbo za marehemu usiku hadi usiku. Badala yake aliunda bendi yake, akatunga wimbo wa kumuaga baba yake mwaka 2020, na nyimbo za Van Halen akazipiga hadharani kwa nadra, kama alivyofanya Septemba 2022 katika maonyesho ya kumkumbuka mpiga dramu Taylor Hawkins, mjini London na Los Angeles. Ujumbe wake ulieleweka: urithi si deni la kurudia kila kitu.

Baada ya Eddie, kizazi chake kimeendelea kupungua. Jeff Beck alifariki dunia Januari 2023 akiwa na miaka 78, na Ace Frehley wa bendi ya Kiss Oktoba 2025 akiwa na miaka 74. Kila msiba unapotokea, husemwa kuwa rock inazikwa. Kauli hiyo ina ukweli kuhusu watu, kwa kuwa wale waliouanzisha mtindo huo ni wazee. Kuhusu ufundi, kauli hiyo inapotosha.

Ushahidi ulikuwa mikononi mwa waombolezaji wenyewe. Siku zile za Oktoba 2020, wengi waliofungiwa majumbani walifungua kamera zao na kupiga vipande vya Eddie, wengine vizuri, wengine kwa kukosea. Nyumba hazikuwa na jukwaa wala kiingilio. Eddie mwenyewe alikwisha kuonesha upande aliousimamia: mwaka 2012 alitoa magitaa 75 kutoka hazina yake ili wanafunzi wa shule za umma wajifunzie.

Wanunuzi wataendelea kushindania mbao na nyuzi, na wanamuziki watashindania jina. Mambo hayo yana bei na yana mawakili. Lakini kwa kuwa Eddie alijifunza kwa sikio, bila kusoma noti, kila anayekaa chini, akasikiliza na kuweka vidole vyake kwenye nyuzi hadi viume, amekwisha kuchukua fungu lake la urithi, na hakuna mnada unaoweza kumnyang'anya.