Olita Hakufanana Tu, Aliigiza

Waulize vijana wa Kisumu ni nani aliyeigiza Idi Amin katika filamu, nao watakujibu pasi na kusita: Forest Whitaker. Hawakosei. Mmarekani huyo alituzwa Oscar mwaka wa 2007 kwa kazi yake katika The Last King of Scotland. Hata hivyo, robo karne kabla ya filamu hiyo, dhima iyo hiyo ilibebwa na jirani yetu, Joseph Olita wa Siaya, katika Rise and Fall of Idi Amin ya mwaka wa 1981, iliyoongozwa na Sharad Patel.

Wapo wanaodai kwamba Olita hakutoa jasho, kwa kuwa alishabihiana mno na dikteta huyo. Dai hilo linapingwa na lugha yenyewe. Kufanana ni hali. Kuigiza ni tendo. Sura mtu huzaliwa nayo, ilhali mwendo, sauti na kicheko kinachogeuka ghafla kuwa tishio ni mambo ya kutafutwa.

Kilichopungua si kipawa, bali nafasi. Mtazame Mwingereza Alec Guinness. Mwaka wa 1949, katika Kind Hearts and Coronets, alikabidhiwa watu wanane wa ukoo mmoja, mwanamke akiwamo. Baadaye akawa kanali katika The Bridge on the River Kwai ya 1957, akatuzwa Oscar. Nyuma yake palikuwa na majumba ya maigizo, studio na wahakiki. Olita naye, alipotokea katika Mississippi Masala ya Mira Nair mwaka wa 1991, alikuwa Idi Amin tena. Mmoja alipewa nyuso nane katika filamu moja. Mwingine, uso mmoja katika filamu mbili.

Guinness aliandika tawasifu yake mwenyewe. Olita alifariki Siaya mwaka wa 2014, na mengi ya maisha yake yamo vinywani mwa waliomjua, nao wanazeeka. Walimu wenzangu, tunapofunza insha ya wasifu, kwa nini tusiwatume wanafunzi wakawahoji wazee hao, badala ya kunakili maisha ya watu wa mbali?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Olita alicheza kwao. Je, tumemtunza?