Prodyusa, zima hiyo kwantaizi kwanza

Umejinyima miezi kadhaa, ukanunua sikwensa ya mtumba, ukaiweka kwa meza kando ya kitanda. Ukabonyeza rekodi, ukapiga kiki na sneya kwa vidole vyako mwenyewe. Mdundo uliporudi masikioni, ukasikia kitu kingine kabisa: safi, umenyooka, na hauna uhai. Usijilaumu. Mashine imekusahihisha bila kukuuliza.

Hiyo ndiyo kazi ya kwantaizi. Hubeba kila noti uliyopiga na kuisukuma hadi kwenye hatua iliyo karibu. Ukiwa kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, hatua moja kati ya zile 16 huchukua milisekunde 125, kwa hivyo noti inaweza kuhamishwa milisekunde 60 hivi. Kwa sikio, hiyo ni safari ndefu. Ile sneya uliyoichelewesha kidogo kwa kupenda kwako ndiyo ladha yenyewe, na ndiyo hutupwa kwanza.

Maoni yangu ni haya: zima kwantaizi kabla ya kurekodi. Ukikosea, rudia. Mkono haujifunzi ikiwa kila kosa linafichwa.

Utaniambia, "Nikiizima, mashine zangu mbili zitakimbizana." La hasha, na hapa ndipo wengi wetu huchanganya mambo. Kinachozifunga mashine pamoja ni kloki. Kwa MIDI, mfumo ulioanza kutumika mwaka 1983, mashine kiongozi hutuma ishara 24 kwa kila pigo, na ile nyingine hufuata. Ishara hizo hazibebi noti yoyote. Zinasema tu: songa, songa, songa. Noti zako zilizochelewa hubaki zimechelewa vilevile, na mashine zote mbili zinatembea pamoja.

Ila chagua kiongozi mmoja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Halafu angalia idadi ya ishara. Korg Volca, kwa mfano, kupitia tundu lake la sink husubiri ishara 2 tu kwa kila pigo. Ukiichomekea kifaa kinachotuma 24, itakimbia mara 12 na utadhani imeharibika. Badilisha mpangilio wa kile kinachotuma, basi.

Najua klabu haitaki fujo. Sawa, iache kiki ikae kwenye mstari na uachilie hai-hati peke yake. Ama tumia swingi. Roger Linn, Mmarekani aliyetengeneza LM-1 mwaka 1980, aliiweka pamoja na kwantaizi ndani ya mashine hiyohiyo, kwa hivyo si kama watengenezaji hawakulijua tatizo hili. Asilimia 50 mdundo umenyooka. Karibu na 66 unaanza kuyumba kwa tatu-tatu. Katikati hapo kuna utamu mwingi ambao hatuugusi. J Dilla wa Detroit aliizima kwantaizi mara nyingi, na leo MPC yake imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la historia ya Wamarekani Weusi kule Washington. Mashine kama hiyohiyo wengine waliitumia kupiga midundo iliyonyooka kama rula.

Linaloniuma zaidi ni zile hatua 16 zenyewe. Sikwensa nyingi hufunguka hivyo, nasi tunaona ni kama sheria. Chakacha ya Pwani hutembea kwa sita-nane. Ukiibana kwenye 16 inageuka kuwa kitu cha tangazo la hoteli, halafu tunasema midundo ya nyumbani "haiingii" kwa mashine. Inaingia bana! Weka urefu wa pateni uwe 12, hatua tatu kwa kila pigo badala ya nne, kisha urekodi kwa mkono ukiisikiliza ngoma yenyewe.

Ukishazoea, fanya utundu kidogo. Acha hatua ziwe na urefu sawa, mashine moja iwe na pateni ya hatua 12 na nyingine 16, kloki moja. Zitaachana, zitapishana, na zitaanza tena pamoja baada ya hatua 48. Rekodi hizo 48 zote usiku wa leo, usikate chochote, kisha usikilize asubuhi kabla hujagusa kitufe kingine.