Mwenye Klabu na Mwenyeji Wake

Kila mwaka, katika somo la uundaji wa maneno, huwauliza wanafunzi wangu tofauti iliyopo kati ya mwenye na mwenyeji. Wengi hucheka, kwa kuwa wanaliona swali hilo kuwa la watoto wa shule ya msingi. Mwenye, husema, ni yule anayemiliki kitu. Mwenyeji ni mtu wa mahali, ndiye apokeaye wageni. Basi, wakafunga daftari.

Nami nilikuwa na wepesi huo huo wa kujibu hadi mwaka 2013, nilipokuwa Uingereza nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu. Huko niliona mji mzima ukiteta juu ya tofauti hiyo, ijapokuwa hapakuwa na hata mmoja wao aliyeyajua maneno yetu haya mawili. Chanzo cha ugomvi kilikuwa klabu ya soka.

Mji wenyewe ni Coventry, mji wa viwanda ulio katikati mwa Uingereza. Mnamo 1883, wafanyakazi wa kiwanda cha baiskeli cha Singer waliunda timu ya kandanda wakaipa jina la kiwanda chao. Timu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Coventry City. Tangu 1899 hadi 2005 ilichezea katika uwanja wa Highfield Road, uliozungukwa na nyumba za wafanyakazi. Ilikaa katika ligi ya daraja la juu kwa miaka 34 mfululizo, kuanzia 1967 hadi 2001, na mwaka 1987 ikatwaa Kombe la FA kwa kuilaza Tottenham mabao 3-2.

Mwaka 2005 klabu ilihamia uwanja mpya ulio kaskazini mwa mji huo huo. Uhamisho huo haukumtoa mtu nyumbani kwake, lakini ulikuwa na kasoro moja kubwa. Kwa sababu ya madeni, klabu ilikuwa imekwisha kuuza hisa zake katika mradi wa uwanja huo. Nusu ya kampuni iliyouendesha ilikuwa ya baraza la mji, na nusu ya shirika la hisani. Timu ikaingia katika nyumba iliyojengwa kwa ajili yake ikiwa mpangaji.

Mwishoni mwa 2007, klabu ilinunuliwa na SISU, kampuni ya uwekezaji yenye makao yake London. Kodi ya uwanja ilikuwa zaidi ya pauni milioni 1 kwa mwaka. Timu iliposhuka hadi daraja la tatu mwaka 2012, wenye klabu waliacha kuilipa. Mvutano ulipamba moto, kesi zikafuatana, na katikati ya 2013 ikatangazwa kwamba mechi za nyumbani za Coventry City zitachezwa Northampton, mji mwingine ulio umbali wa kilomita zipatazo 55.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kiwanda cha magari. Alikuwa amekwenda uwanjani na babaye tangu utotoni, kisha akampeleka mwanawe. Ilipofika mechi ya kwanza ya "nyumbani" huko Northampton, mwezi Agosti, alinialika niandamane nao. Baba na mwana walikaa viti vya mbele garini, na safari nzima hawakusemezana. Tulipowasili, mwana alikata tiketi akaingia. Baba alikataa katakata. Kando ya uwanja huo kulikuwa na kilima, na aliyesimama juu yake aliweza kuona sehemu kubwa ya mchezo bila ya kulipa chochote. Tukapanda huko pamoja na mamia ya wengine waliovalia fulana za samawati.

Siku hiyo Coventry iliilaza Bristol City mabao 5-4. Mabao tisa katika mechi moja! Kila bao lilipofungwa, mzee aliinua mikono, kisha akaishusha haraka kama mtu aliyekumbuka kwamba yumo matangani. Nilimwuliza, "Mzee, mbona usiingie ukakaa karibu na mwanao?" Akanijibu kwamba hawezi kulipa kiingilio ili awe mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Mwanawe, kwa upande wake, alikuwa na hoja yake: wachezaji wale hawana hatia, nani atawashangilia iwapo wote watabaki kilimani?

Sijapata kuamua hadi leo ni yupi kati yao aliyekuwa na haki zaidi. Nijualo ni kwamba uamuzi uliofanywa na watu wasiowajua ulikuwa umeketi mezani kwao, ukala nao chakula cha jioni. Msimu huo idadi ya watazamaji ilishuka kutoka wastani wa zaidi ya 10,000 hadi 2,000 na ushei tu. Hizo ni takwimu za klabu. Za familia hazikuhesabiwa na mtu.

Mnamo Septemba 2014 timu ilirejea Coventry. Watu zaidi ya 27,000 walifurika uwanjani kuitazama ikicheza na Gillingham, timu ambayo kwa siku za kawaida haivuti umati. Lakini furaha ile haikudumu. Mwaka huo huo uwanja ulinunuliwa na Wasps, klabu ya raga iliyozaliwa London mwaka 1867, ambayo nayo ilihamishwa kutoka Wycombe ikaletwa Coventry. Mwaka 2019 mazungumzo ya kodi yakavunjika tena, na Coventry City ikahamishwa mara ya pili, safari hii Birmingham, kiasi cha kilomita 30. Ilikaa huko misimu miwili. Mwaka 2020 ilitwaa ubingwa wa daraja la tatu ikiwa ugenini, na kwa kuwa janga la korona lilikuwa limewafungia watu majumbani, hata gwaride la ushindi halikuwezekana. Ilirudi kwao Agosti 2021.

Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Oktoba 2022 Wasps ilifilisika. Uwanja ukaangukia mikononi mwa kampuni ya Frasers Group, na kabla ya mwaka kwisha klabu ikapewa ilani ya kuondoka iwapo haitakubali masharti mapya. Mzee wangu aliniandikia barua fupi. Hakutaja kampuni wala kodi. Aliuliza tu kama nakikumbuka kile kilima.

Safari hii nyoka hakuuma. Makubaliano yalipatikana. Mapema 2023 klabu ikapata mmiliki mpya, na Agosti 2025 ikatangazwa kwamba imeununua uwanja wenyewe. Ni habari njema. Hata hivyo, nawasihi wasomaji wasiharakishe kuifunga kesi hii. Mashabiki wale wamepumua kwa sababu mtu mmoja mwenye uwezo ameamua vyema. Je, mwingine akija kesho na kuamua vibaya?

Haifai kumhukumu mtu pasi na kumsikiliza. Wenye klabu wana hoja, nazo si za kupuuzwa. Husema kwamba wao ndio wanaolipa mishahara, wao ndio wanaobeba hasara, na kwamba shabiki anayedai timu "yake" hajawahi kuombwa atie sahihi katika mkopo wa benki. Kodi ya Coventry ilikuwa nzito kwa klabu ya daraja la tatu. Biashara yoyote ile inayokamuliwa na mwenye jengo huhama, na hakuna anayelia. Duka likihama mtaa, sisi huhama nalo au tukanunua kwingine. Kwa nini timu iwe tofauti?

Jibu langu ni kwamba mteja wa duka hakulifanya duka kuwa duka, bali shabiki ameifanya timu kuwa timu. Kile mnunuzi anachokitolea fedha anaponunua klabu ni nini hasa? Si nyasi, maana Coventry haikuwa na nyasi. Si wachezaji, kwani hao huja na kuondoka kila msimu. Anachonunua ni jina, rangi na mazoea ya watu wanaokuja kila Jumamosi, yaani thamani iliyowekwa pale na vizazi ambavyo havikulipwa hata senti. Baada ya kuinunua thamani hiyo kwa wasioiunda, ndipo anadai uhuru wa kuibeba na kuipeleka atakako. Matokeo yake ni kama ya mtu aliyenunua kisima, kisha akaamua kukihamisha: hubaki na ndoo tupu. Watazamaji 2,000 wa Northampton walikuwa ndio ndoo hiyo.

Hapa ndipo somo letu la maneno linapokuwa na faida. Yaelekea mwenyeji ni mwenye aliyeunganishwa na mji. Hamiliki nyumba fulani. Mji ndio ulio wake, naye ni wa mji. Mwenye anaweza kuuza, akaacha kuwa mwenye siku hiyo hiyo. Mwenyeji hauzi uenyeji wake, kwani hauna bei wala hati. Tazama pia kwamba watangazaji wetu wa kandanda huita timu inayocheza kwao "wenyeji", wala hawasemi "wenye uwanja". Basi mtangazaji angeiitaje Coventry City pale Northampton? Wenyeji wa wapi?

Aidha, kitenzi chetu ni cha kweli kuliko taarifa za makampuni. Taarifa hizo zilisema timu "inahama". Kuhama ni tendo la mwenye hiari. Timu ile haikuhama. Ilihamishwa, na viambishi hivyo viwili vidogo vinatulazimisha tuulize: na nani? Kwa idhini ya nani? Mwalimu anayewafundisha wanafunzi wake kauli ya kutendwa na kutotaja mtendaji anaweza kutumia mfano huu, nao wataona kwamba sarufi si mambo ya mtihani pekee.

Uingereza yenyewe ilichelewa kuuliza swali hilo. Mwaka 2002, tume ya watu watatu iliamua, kwa kura mbili dhidi ya moja, kwamba klabu ya Wimbledon ya London iruhusiwe kuhamia Milton Keynes, mji ulio umbali wa kilomita 90 hivi. Mashabiki waliobaki waliunda klabu mpya, AFC Wimbledon, ikaanza katika ligi za chini kabisa. Ilifika ligi za kulipwa mwaka 2011, na Novemba 2020 ikarejea katika mtaa wa Plough Lane, kwenye uwanja mpya uliojengwa karibu na ule wa zamani. Hadithi hiyo husimuliwa kama ushindi, nayo ni ushindi kweli. Lakini iliwagharimu watu miaka 18 kurudisha kile ambacho kura moja ingetosha kukilinda. Na wapo watoto wa Milton Keynes ambao wamekulia wakiishangilia timu iliyoletwa kwao. Hao nao sasa ni wenyeji, na hawana kosa. Uhamisho huzaa majeraha pande zote mbili.

Ndiyo maana naiunga mkono sheria ya usimamizi wa soka iliyopitishwa Uingereza Julai 2025. Inaunda mamlaka huru, na inaagiza kwamba klabu isihame uwanja wake bila idhini ya mamlaka hiyo, wala isibadili nembo au rangi zake za nyumbani bila kuungwa mkono na mashabiki walio wengi. Sheria hiyo haimnyang'anyi mwenye mali yake. Inamkumbusha tu kwamba sehemu ya alichonacho ni amana. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa wazo hilo. Waswahili wa pwani wamekuwa na wakfu kwa karne nyingi: mali yenye msimamizi, ambayo msimamizi huitunza na kuitengeneza, lakini hana ruhusa ya kuiuza wala kuigeuza iwe yake.

Huenda mtu akauliza, haya yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Wanafunzi wetu wanawajua wachezaji wa Uingereza kuliko majirani zao, na itakuwa hasara wakijifunza kutoka huko mabao tu. Klabu zetu kongwe, AFC Leopards iliyoanzishwa 1964 na Gor Mahia iliyoanzishwa 1968, zilijengwa na watu wa kawaida waliotoa walichokuwa nacho, kama wale mafundi wa baiskeli wa Coventry. Hadi leo zinategemea viwanja vya umma, na mara kwa mara zimelazimika kuandaa mechi zao za "nyumbani" mbali na Nairobi. Kila mara tunasikia wito kwamba klabu ziendeshwe kibiashara na wawekezaji wakaribishwe. Wito huo ni wa maana, kwani mapenzi matupu hayalipi mishahara. Lakini kabla ya hati kutiwa sahihi, iandikwe katika katiba ya kila klabu kwamba jina, rangi na makao yake havitaguswa bila kura ya wanachama. Ni aya moja tu. Coventry iliikosa, ikalipa kwa misimu mitatu ya uhamishoni.

Mzee wangu sasa huenda uwanjani akiwa na mwanawe, na mjukuu yu katikati yao. Barua yake ya mwisho ilinieleza matokeo ya mechi, hali ya hewa na bei ya chai uwanjani, ambayo anaona imezidi. Habari za wenye klabu hakuziandika. Nilifurahi kuona hivyo, kwa sababu mwenyeji aliye na amani hana haja ya kuamka kila asubuhi akiuliza kama mji wake ungali pale alipouacha jana.